Usiuze Shamba kwa Ufadhili wa Bure

 

Mwezi uliopita tulipokea barua ya mzee mmoja kutoka Ikinga, huko milimani wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe. Ni mkulima wa kahawa, na ni Muislamu wa kwanza katika ukoo wake. Binti yake amemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na Alhamdulillah amepata daraja la kwanza. Mtu mmoja mjini Tunduma, anayejitambulisha kuwa wakala wa vyuo vya nje, alimweleza mzee huyo kwamba binti amekwisha kupata ufadhili kamili nchini Uturuki, ila zinatakiwa shilingi milioni mbili na nusu za kushikia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Mnunuzi wa shamba alikuwa amekwisha kupatikana. Mwisho wa barua mzee akauliza: "Je, niuze?"

Hatukungoja toleo hili. Siku ile ile tulimpigia simu, tukamwomba asiuze. Leo tunaeleza sababu zetu, kwa kuwa tunaamini hayuko peke yake.

Jambo la kwanza ni kwamba ufadhili wa kweli hauuzwi. Mpango wa Serikali ya Uturuki uitwao Türkiye Bursları hautozi hata senti moja katika hatua yoyote ya maombi. Anayekubaliwa hupewa nafasi ya chuo, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, posho ya kila mwezi, malazi, bima ya afya na tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho kimesomesha vijana wengi wa Afrika Mashariki, nacho hupokea maombi bila malipo kupitia mtandao wake. Mwombaji hujaza mwenyewe, na jibu humjia mwenyewe. Basi anayesema "umekwisha pata, lipa kwanza" aombwe barua iliyotoka kwa mfadhili. Asipoionyesha, mazungumzo yaishie hapo.

Hatusemi kwamba kila wakala ni tapeli. Wapo wanaofanya kazi halali ya kuwatafutia wanafunzi vyuo vya kulipia, na malipo ya kazi halali si haramu. Lakini hata hao hawana uwezo wa kuuza kitu ambacho mwenyewe anakigawa bure.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo familia zetu nyingi hukwama. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei na matokeo hutoka Julai. Dirisha la Türkiye Bursları kwa kawaida hufunguliwa mwezi Januari na kufungwa Februari 20. Mzazi anayesubiri matokeo ndipo aanze kuulizia huwa amechelewa kwa miezi mitano. Mpango huo humruhusu mwanafunzi aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari kuomba kwa cheti na alama alizonazo, na kwa shahada ya kwanza hutaka awe chini ya umri wa miaka 21. Kwa hiyo shauri la kusoma nje lianze mtoto akiwa kidato cha tano, si baada ya sherehe ya mahafali.

Jambo la tatu ni majina. Mzee wetu alituandikia kwamba cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina la ukoo la babu yake, cheti cha kidato cha nne kina jina la Kiislamu la baba, na kitambulisho cha taifa kimeyachanganya yote mawili. Jambo hili tumelikuta katika familia nyingi, hasa za waliosilimu ukubwani. Hata katika familia za Waislamu wa asili, Ramadhani wa cheti kimoja huwa Ramadhan katika kingine, na Rukia akawa Rukiya. Sisi twajua ni mtu mmoja, lakini afisa aliye mbali, anayesoma karatasi tu, huona watu wawili.

Dawa yake ni mapema. Jina analosajiliwa nalo mtoto kwa mtihani wa taifa ndilo litakalochapwa kwenye cheti chake, kwa hiyo mzazi alihakiki kabla ya mtihani. Ikiwa tofauti imekwisha kutokea, mwende kwa wakili mpate hati ya kiapo au ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha ndipo muombe pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Pasipoti ifuate cheti cha shule. Yote haya yakiwa tayari, siku ya kwenda steshenari kuskani nyaraka na kujaza fomu itakuwa moja tu, wala si safari nne za kushuka na kupanda milima.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui kumfunga ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Nyaraka ndizo kamba ya ngamia wa mwanafunzi. Istikhara na dua havichukui nafasi ya cheti kilichokosewa.

Jambo la nne ni kuuliza kabla ya kuondoka. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje, na ndiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma ng'ambo. Kijana anayesoma miaka mitano katika chuo kisichotambuliwa hurudi na karatasi isiyompa kazi. Wazazi wakumbuke pia kwamba mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulenga wanaosoma katika vyuo vya hapa nchini. Asiyepata ufadhili asitegemee kwamba mkopo huo utamfuata nje.

Uko mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa na mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake tangu miaka ya 1980, na Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Msingi wake unapendeza: kwa mwanafunzi, fedha ni mkopo mwema usio na riba, na kwa jamii yake ni msaada. Anachorejesha mhitimu hubaki kwa jamii ili kimsomeshe mwingine.

Mwisho tuseme juu ya binti mwenyewe. Mzee alituuliza pia kama yafaa kumpeleka mbali bila mahram. Wanazuoni wamelijadili suala hili kwa upana, na hatutatoa fatwa katika safu ya familia. Amwendee sheikh anayemwamini, aende pamoja na mama mtu na binti, na wote watatu wasikilizwe. Tunalosisitiza ni kwamba swali hilo lisiwe kisingizio cha kumnyima elimu. Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, na hilo halihitaji kutiwa nguvu na ule usemi maarufu wa China, ambao wanazuoni wa hadithi wameudhoofisha. Ikiwa Uturuki ni mbali, kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda mjini Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, na kipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Umbali nao si jambo dogo: vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi wa Kitanzania walilazimika kuhamishwa na kurejeshwa nyumbani, masomo yao yakikatika. Anayekwenda nje ajisajili ubalozini, na familia iwe na mpango wa pili.

Wiki iliyopita mzee alitupigia. Alimtaka yule mtu barua ya mfadhili, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mnunuzi ameambiwa atafute kwingine. Binti ameomba vyuo vya ndani ili mwaka usipotee, na baba mtu amekwenda kwa wakili kusawazisha majina kabla dirisha la Januari halijafunguliwa. Hatujui kama atachaguliwa. Hilo liko kwa Allah. Tunachojua ni kwamba akikosa, kahawa bado ipo shambani, na wadogo zake watatu bado wana kitu cha kusomeshewa.

Twamuomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atukinge sisi wazazi na pupa. Amin.