Mashine ya wakati iwashwe Naguru

Mwaka 2003 Hollywood ilitumia takriban dola milioni 80 kuwapeleka wanaakiolojia wachache katika Ufaransa ya mwaka 1357. Filamu hiyo iliitwa Timeline, iliongozwa na Richard Donner, na hadithi yake ilitoka kwenye riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1999. Vijana wanaingia kwenye mtambo, wanatokea karibu na ngome, na haupiti muda mishale ya moto inaruka usiku na mitambo ya kurushia mawe inabomoa kuta. Mauzo ya tiketi hayakurudisha gharama.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video jijini Kampala anaifahamu filamu ya aina hii hata kama jina limemtoka. VJ amekamata maikrofoni, anamfunika mwigizaji kwa sauti yake, anaeleza kwa Kiganda nani kamsaliti nani, na shujaa wa Kiingereza anapewa jina la mtaani ambalo watazamaji watalitumia wiki nzima. Kibanda kinaipenda safari ya wakati, na ni haki yake kuipenda. Kasoro ni moja: mtambo daima hushuka Ulaya. Martin Lawrence katika Black Knight ya mwaka 2001 aliangukia Uingereza ya karne ya 14. Katika Les Visiteurs ya mwaka 1993, aliyerushwa kuja siku hizi ni kabaila wa Kifaransa. Mtoto wa Kampala anamaliza shule akijua umbo la kofia ya chuma ya askari wa Ulaya, na hajui nani alikuwa akiishi kando ya mto Katonga mwaka huohuo wa 1357.

Filamu ya kwanza ya Uganda ya kurudi zama za kati inafaa kutengenezwa sasa, na mahali pazuri pa kuuwashia mtambo ni kilima cha Naguru, Kampala.

Kilima hiki kinajua jinsi wakati unavyofutwa. Nyumba za wafanyakazi zilizojengwa Naguru na Nakawa enzi za ukoloni zilibomolewa Julai 2011, na familia zaidi ya elfu moja zikaondoka na virago vyao. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hupita palepale bila kuona dalili yoyote. Naguru pia ndiko yaliko makao makuu ya polisi ya Uganda pamoja na kambi ya familia za askari, na Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi la nchi hiyo tangu ukoloni. Kwa hiyo msichana wa kambini anayesema Kiswahili na mama yake, Kiganda sokoni na Kiingereza darasani si mtu wa kubuniwa ili filamu iuzike Dar es Salaam na Mombasa. Yupo. Baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lilikuwa likiandika kwenye karatasi jambo ambalo kambi za aina hiyo zimeliishi miaka mingi.

Ushahidi wa zama za kati wenyewe hauko mbali na kilima. Luzira, iliyo katika divisheni ya Nakawa kama Naguru, ndiko kilikopatikana mwaka 1929, ndani ya eneo la gereza, kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, chenye macho mazito na nywele za vifundo. Wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley wamekihusisha na mwisho wa milenia ya kwanza, wakati jamii za pwani ya kaskazini ya ziwa Victoria zilipoanza kujenga mamlaka makubwa, kabla Buganda haijawa ufalme unaojulikana leo. Kichwa hicho kiko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Msichana wa Naguru anayetaka kukiona uso kwa uso anahitaji viza, au mashine ya wakati.

Tuseme ameipata mashine, na imemshusha Ntusi, katika wilaya ya leo ya Sembabule. Mwaka ni 1357. Njaa inamuuma. Hapati mahindi ya kuchoma, wala muhogo, wala viazi vitamu, wala maharage, wala karanga, wala nyanya, kwa sababu vyote hivyo vilitoka Amerika na vilivuka bahari baada ya 1492. Hata kuhusu matoke watafiti bado wanabishana ndizi zilifika lini. Atakachopata ni nafaka kama mtama na ulezi, maziwa, na nyama tele. Waliochimba Ntusi walikuta vilima vya taka vilivyojaa mifupa ya ng'ombe, mingi ikiwa ya ndama, dalili ya watu wenye mifugo mingi kiasi cha kuweza kuchinja wadogo bila hofu. Walikuta pia vyungu vilivyopambwa kwa kuviringishiwa kamba iliyosokotwa, athari za uhunzi wa chuma, na pembe za ndovu zilizochongwa. Bado filamu haijaanza vita, na tayari kuna kitu cha kutazama katika kila pembe ya picha.

Humo humo kwenye taka zilipatikana shanga chache za kioo na makombe ya kauri. Kauri ni ya Bahari ya Hindi. Nani aliipokea kwa nani mpaka ikafika bara, mamia ya kilomita kutoka ufukweni, katika karne ambazo hakuna maandishi yoyote yanayotaja Ntusi? Hapo pana safari nzima ya filamu, maana upande wa pili wa njia hiyo unajulikana vizuri zaidi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na magofu ya jumba la Husuni Kubwa yapo mpaka leo. Msichana wa Naguru aliyepotea Ntusi, mkononi ana kauri moja, na Kiswahili chake kikianza kueleweka kadiri anavyokaribia pwani: mwandishi wa filamu anayekosa la kuandika hapo amechoka.

Kama anataka ngome, nayo ipo. Bigo bya Mugenyi, kando ya Katonga, ina mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 kwa jumla, mengine yamechimbwa kwenye mwamba. Peter Shinnie alichimba pale mwaka 1957 na Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Hakuna minara wala farasi, na hilo lisimtishe mtengeneza filamu. Handaki lenye kina cha kumzidi mtu, ng'ombe wakiswagwa ndani wakati wa machweo na vumbi likipanda, linatosha kujaza skrini yoyote.

Halafu, mtambo ukisogezwa mbele kidogo, kuna jua. Mwaka 1889 Mark Twain aliandika riwaya ya Mmarekani aliyejikuta katika baraza la mfalme Arthur. Akiwa karibu kuchomwa moto, anakumbuka tarehe ya kupatwa kwa jua, anadai ndiye anayelizima, na wote wanamwogopa. Kupatwa huko Twain alikubuni. Uganda inako kwa kweli. Masimulizi ya falme za Nkore na Bunyoro yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro aliivamia Nkore, na jeshi lake lilipokuwa Biharwe jua likatiwa giza mchana, nalo jeshi likarudi nyuma na kuacha ng'ombe liliowateka. Hesabu za wataalamu wa anga zimelioanisha tukio hilo na tarehe 17 Aprili 1520. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka tarehe hiyo, lakini Biharwe, kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara, pamejengwa mnara wa kumbukumbu, na kituo cha utamaduni cha Igongo kiko jirani.

Hapa ndipo filamu ya Kampala inaweza kuizidi ya Hollywood. Kwa Twain, mgeni anajua na wenyeji ni wajinga. Biharwe inasema kinyume chake: watu wasioandika walilitunza tukio la siku moja kwa karne kadhaa, kwa usahihi ambao mtaalamu wa anga angeweza kulitafuta kwenye majedwali yake. Msichana wa Naguru asiwe mwerevu kati ya washamba. Awe mwanafunzi wao, maana bila wao hata yeye asingeijua tarehe.

Masimulizi ya ufalme wa kale wa Kitara yana mashine yao pia. John Nyakatura, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliyaandika yanayomhusu mfalme Isaza, aliyevutwa kwa hila na Nyamiyonga, mtawala wa nchi iliyo chini ya ardhi, akashuka huko asirudi tena. Ndahura, wa kwanza wa watawala wa Kichwezi, ni mjukuu wake aliyezaliwa juu ya ardhi. Wanahistoria hawajakubaliana kama Wachwezi walikuwa watu wa damu na nyama. Waumini, hata hivyo, bado wanakwenda kuomba chini ya mti wa Nakayima pale Mubende, na filamu itakayowafanya Wachwezi kuwa mazimwi ya kutisha watoto itakuwa imewakosea watu walio hai. Isiutawaze pia ufalme mmoja juu ya mingine. Urithi wa Kitara unagombewa na wengi, na mtambo wa wakati haukualikwa kuamua kesi hiyo.

Itasemwa fedha hazipo. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kule Wakaliga mwaka 2010 kwa fedha anazosema hazikufika dola 200, na dunia ikaitazama. Wanuri Kahiu wa Kenya aliijenga Afrika Mashariki isiyo na maji katika Pumzi ya mwaka 2009, filamu ya dakika ishirini na kitu iliyofika Sundance. Dilman Dila amekuwa akiandika na kupiga filamu za bunilizi ya kisayansi kutoka Uganda kwa miaka. Mwaka 2023 Mganda Raymond Malinga aliongoza Herderboy katika mkusanyiko wa Kizazi Moto wa Disney: wachungaji nusu watu nusu mashine, katika ufalme wa Wachwezi. Ujuzi upo na hadithi zimeanza. Lakini Herderboy iko kwenye huduma ya kulipia, na kibanda hakikuipata.

Kwa hiyo kazi ni ya watu wachache wanaoweza kukutana Kampala siku moja. Tume ya Mawasiliano, inayoendesha Tamasha la Filamu la Uganda tangu 2013, itenge tuzo ya filamu ya historia ya kabla ya 1600. Jumba la Makumbusho la Uganda lililopo Kira Road, upande wa pili wa Kololo ukitokea Naguru, liwafungulie waandishi wa filamu makabati yake. Wanaakiolojia wasome mswada kabla kamera haijawashwa, na VJ mmoja aajiriwe tangu mwanzo, atafsiri kwa Kiganda nakala ya vibandani. Picha ya jua lenyewe haina haja ya kutengenezwa na kompyuta ya gharama kubwa: lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, kamera za televisheni zilikuwa Pakwach zikirekodi.