Aliyeacha Dawa Apokewe



Mimi ni Afisa wa Elimu ya Watu Wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini. Kila darasa lina daftari la mahudhurio. Nikilifungua, naona majina ya watu walioanza vizuri, kisha wakaacha. Mmoja alikwenda kuvuna. Mwingine aliuguliwa. Mwingine alichekwa aliposoma vibaya.

Wengi wao hutamani kurudi. Lakini mwalimu akiwauliza kwa ukali, "Mlikuwa wapi siku zote?", hatuwaoni tena.

Jambo hili huwapata pia wenzetu wenye virusi vya Ukimwi. Huanza dawa, kisha huacha. Watu husema, "Ni wazembe." Mimi sikubali. Tunawahukumu kabla ya kuwauliza.

Kwa nini mtu huacha dawa?

Dawa zenyewe haziuzwi. Hapa Tanzania mpango wa Serikali wa kuzitoa bila malipo ulianza mwaka 2004. Lakini nauli ya kwenda kliniki ni ya mgonjwa mwenyewe. Wengine huenda kliniki ya mbali ili majirani wasiwaone. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo hukosekana.

Wengine huhama kufuata mashamba au samaki, wakaishiwa dawa ugenini. Wengine humeza kwa kujificha, kwa kuogopa kuachwa na mume au mke. Wengine hawana chakula, wakaogopa kumeza dawa na njaa. Na wengine hupata nguvu, wakadhani wamepona.

Hapo pana hatari. Dawa hizi haziondoi virusi vyote mwilini. Huvifubaza tu. Mtu akiacha dawa, virusi huzaliana tena, hata kama anajiona mzima. Kinga ya mwili hupungua. Kifua kikuu na maradhi mengine hupata nafasi. Tena virusi vinaweza kuwa sugu, dawa ile isiviweze.

Kwa nini mtu hurudi?

Wengine hurudi wakiwa wamezidiwa. Mwingine amepata mimba, anataka kumkinga mtoto wake. Mwingine ameambiwa na rafiki, "Twende, nitakusindikiza."

Mama mmoja aliniambia kwamba alikaa nyumbani miezi mingi. Aliogopa kugombezwa kuliko alivyoogopa ugonjwa. Mara 2 alifika mlangoni mwa kliniki, akageuka. Mara ya 3 muuguzi alimwona, akamwambia, "Karibu mama. Umefanya vema kuja." Akaingia. Leo analima shamba lake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: aliyeacha dawa apokewe, asikemewe. Ukali haufukuzi virusi. Humfukuza mgonjwa.

Wengine watasema, "Akipokewa kwa upole, ataacha tena." Ndiyo, anaweza kuacha tena kama sababu iliyomshinda bado ipo. Basi aulizwe sababu hiyo. Kama ni nauli, mtu anayeendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi 3 au hata 6 kwa mara moja. Kama ni safari, aeleze kliniki mapema. Akiishiwa ugenini, aende kituo cha karibu kinachotoa dawa hizo.

Na sisi wanakijiji tuna kazi yetu. Tusitangaze siri ya mtu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi. Mume na mke wakumbushane saa ya dawa. Jirani amshikie mwenzake mtoto aende kliniki.

Nawe ndugu uliyeacha dawa, rudi leo. Usingoje kuugua. Usimeze dawa za kuazima. Mweleze muuguzi ukweli: uliacha lini, na kwa nini. Atakupima na kukusaidia kuanza tena. Ukimeza dawa kila siku, na vipimo vikaonyesha kwamba virusi havionekani tena katika damu, hutamwambukiza mwenzako kwa kujamiiana.

Katika darasa la kisomo hatufuti jina la aliyeacha. Jina lake linabaki daftarini, linamngoja. Na kliniki iwe hivyo.