"SUGAR" NA SUKARI NI NDUGU



Wako wanafunzi wenzetu wanaosema eti Kiswahili ni lugha ya kuombaomba, Kiarabu kilichovunjwavunjwa tu. Kwao lugha kamili ni Kiingereza. Mimi nawapinga, na shahidi wangu ni neno moja la Kiingereza wanalolitaja kila wakinywa chai: "sugar".

Hebu tulifuate hadi lilikotoka. Waingereza walilipata katika karne ya 13 kutoka kwa Wafaransa, waliosema "sucre". Wafaransa nao hawakulibuni. Lilikuwa limepitia Italia likitoka kwa Waarabu, waliosema "sukkar", na ndio waliopeleka kilimo cha miwa Sicily na Uhispania. Waarabu walilitoa kwa Waajemi, na Waajemi wakalitoa Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti lilikuwa "sharkara", yaani changarawe. Unashangaa? Tia sukari kiganjani uone kama si vijichangarawe vitupu!

Waswahili wa pwani hawakuhitaji kuzungukia Ulaya. Walilichukua kwa Waarabu moja kwa moja, wakasema sukari. Basi "sugar" na sukari ni ndugu wa tumbo moja. Sasa mbona mwenye "sugar" aitwe msomi na mwenye sukari aitwe ombaomba? Ama kweli, nyani haoni kundule!

Tena neno likishakuja kwetu hutii sheria za kwetu. Twasema sukari yetu imeisha, kwa sarufi ya Kibantu, wala hakuna Mwarabu asemaye hivyo. Na Waingereza wenyewe walikuja kukopa kwetu: neno "safari" walilitoa katika Kiswahili karne ya 19, ingawa sisi tulikuwa tumeliazima Uarabuni.

Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, zipo shule ambako mwanafunzi akiteleza akasema Kiswahili siku ya Kiingereza, huvishwa kibao shingoni kama mwizi wa kuku. Walimu wetu wapendwa, Kiingereza hatukikatai. Tunakihitaji, na tunataka kukijua barabara. Lakini kibao hakimfunzi mtu Kiingereza hata neno moja. Humfunza kuionea haya lugha yake. Kwa maoni yangu, vibao hivyo vitupwe.

Nanyi wenzangu, kopeni maneno bila haya, ila msiikane lugha yenu. Mkataa kwao ni mtumwa.

Kiswahili kitukuzwe!