Fildi ya benki: msitarajie kukaa kaunta

Neno kidogo kwa wadogo zangu wanaosubiri barua za kupangiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mimi fildi nilifanya kwenye tawi moja mjini Dodoma, nikipanda daladala kutoka Msalato kila asubuhi. Fedha huzigusi, na nywila ya mfumo hupewi. Kazi yako ni fomu: kufungua akaunti, kuhakiki namba ya NIDA, kupanga mafaili. Inachosha, sikatai. Ila NIDA ikisema Yohana na barua ya mtendaji ikisema John, hapo ndipo utaelewa kwa nini benki inatakiwa kumjua mteja wake. Darasani nilikuwa nakariri tu.

Walionifundisha zaidi ni wazee wa zabibu na alizeti. Mmoja aliniuliza, "Mjukuu wangu, hela yangu ikilala humu mwaka mzima, nyie mnaila kiasi gani?" Nikamwambia, "Subiri kidogo babu," nikakimbilia karatasi ya makato. Brosha zetu zilisifu kila kitu isipokuwa hilo!

Halafu vyuo viangalie upya fildi hii ya tawini tu. Nendeni mnada wa Msalato muone: anayetaka hela ya mbuzi anakwenda kwa wakala, tawini hafiki. Mwanafunzi wa benki asiyejua wakala anavyosumbuka floti ikikata kajifunza nusu tu.

La mwisho: logibuku isainiwe kila wiki. Msimamizi akihamishwa kabla ya kusaini, utamfuata mpaka Singida, na nauli ni yako.