Samaki wa Chini na Jirani Yake



Kijana mumoja wa Likasi ametuandikia barua ya masikitiko. Mujomba wake alitoka Kalemie, akamuletea mu bido samaki wawili wa ziwa Tanganyika, wale wenye masharubu na madoa meusi, wanaofanana na kambale mudogo. Kijana akawatia mu akwariumu yake, ile sanduku ya vioo, pamoja na samaki wadogo wanaoitwa gupi. Gupi akazaa. Kesho yake asubuhi, watoto hakuna hata mumoja. Dada yake mudogo akalia: «Njo weye ulibaua!» Kijana anauliza: «Nilikosa wapi? Watu wanasema samaki wa chini ni mufagiaji tu, anakula uchafu.»

Ndugu kijana, kosa linaanzia pale pale. Hakuna samaki anayeshiba uchafu. Yule wa masharubu anaitwa Synodontis multipunctatus. Usiku anatembea kutafuta chakula: konokono, wadudu, mayai, na kila mutoto wa samaki anayeingia mu kinywa chake. Hana roho mbaya, ana njaa. Umupe chakula chake mwenyewe, kile kinachozama, mangaribi wakati taa zinazimwa.

Sasa, kabla ya kumutafutia jirani, ujiulize maulizo matatu.

Ya kwanza: maji yao ni mamoja? Unaandika kwamba unataka kuongeza wale samaki wazuri wa mto Kongo, Phenacogrammus, wanaong'aa rangi nyingi. Hapana! Wote ni wa inchi yetu, ni kweli. Lakini maji ya Tanganyika ni magumu, yana madini mengi, pH yake inakaribia 9. Wale wa mutoni wamezoea maji laini. Ukiwaweka pamoja, lazima upande mumoja uteseke.

Ya pili: kinywa kiko namna gani? Synodontis wako anaweza kupita sentimetre 15. Jirani anayeweza kumezwa, siku moja atamezwa.

Ya tatu: kila mutu atakaa wapi? Wa chini na wa chini wanagombania mapango. Basi uchague wa katikati ya maji, kama Cyprichromis, nao wa Tanganyika, wanaotembea kwa kikundi. Ujenge mapango kwa mawe, uweke muchanga laini, na sanduku isiwe chini ya litre 200. Usijaze samaki ovyo: siku umeme unakatika, pompi inasimama, na wakiwa wengi wanakosa pumzi mbio.

Tena ujue hila moja. Kuna samaki wanaotunza mayai kinywani. Wakati wanataga, Synodontis huyu anapita na kutupa mayai yake katikati ya yale yao. Mama anaokota yote. Watoto wa mugeni wanatoka mayai mbele, na mule mule kinywani wanakula watoto wa mwenye nyumba. Kama unataka wale wazae na kukomaa, usiwaweke naye.

Kwa leo, utoe gupi waliobaki, uwaweke mu chombo chao. Gupi jike anaweza kuzaa tena kisha mwezi mumoja hivi. Siku ile umwite dada yako, ahesabu watoto yeye mwenyewe. Kesho yake asubuhi, ahesabu tena.