Jina la Nondo Lina Kazi Shambani

Mwandishi wa makala moja ya kilimo amewashauri wakulima wa nyanya wasihangaike na majina ya nondo: kiwavi ni kiwavi, pulizia dawa, basi. Ushauri mtamu, hasa kwa muuza dawa.

Kantangaze anaukataa. Nondo huyu wa kijivu, mwenye urefu wa milimita 6 hivi, alipewa jina la kisayansi mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru. Wengi wanamjua kama Tuta absoluta. Mwaka 2006 aligunduliwa Hispania, na kufikia 2014 alikuwa keshaingia Kenya na Tanzania. Kiwavi wake hupenya ndani ya jani na kula nyama yake, huku akiacha ngozi ya juu na ya chini. Dawa ya kuua kwa kugusa itampatia wapi humo?

Jani likiinuliwa juani, husema lenyewe. Mistari myembamba inayojipinda kwa kawaida ni kazi ya funza wa nzi. Kantangaze huacha baka pana linalopitisha mwanga, na vinyesi vyeusi ndani yake. Kiwavi akitolewa, ngao iliyo nyuma ya kichwa ina ukanda mweusi mwembamba; kwa nduguye, nondo wa viazi, ngao hiyo yote ni nyeusi.

Hapo ndipo mtego unapochaguliwa, maana chambo chenye harufu ya jike wa kantangaze kimetengenezwa kuvuta madume ya kantangaze. Halafu kuna mnavu, ambao makala haikuugusa kabisa: kantangaze anazaliana humo pia, pembeni mwa nyanya zilizopuliziwa jana.