Bibliyoteke nayo iingie mu kaye de sharje

Tukiongea maendeleo ya mitaa yetu, tunataja barabara, kisima, hospitali na masomo. Bibliyoteke, hakuna mwenye kuitaja. Batu banazani ni nyumba ya vitabu vya vumbi, ya bale ba iniversite tu.

Sisi tunasema hapana. Leo kazi yake imepanuka. Ni meza na taa ya mtoto mwenye kujitayarisha kwa Egzame ya Leta, siku nyumbani umeme umekatika. Ni pahali mama anasaidiwa kujaza karatasi. Ni pahali mchimbaji anaweza kufungua Kodi ya Mine na kupata mtu wa kumufasiria kwa Kiswahili, juu iliandikwa kwa Kifaransa.

Na franga zitatoka wapi? Sheria ya 2018 inaagiza kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Ni kusema dola 3.000 kwa kila dola milioni moja.

Wengine watajibu: kwanza maji. Kweli, maji kwanza. Lakini chumba kimoja cha masomo, sahani ya jua juu ya paa, na mtu mmoja mwenye kulipwa kila mwezi ili mlango ufunguliwe mpaka usiku, hiyo haizuie kisima.

Basi wajumbe wetu wakikaa na kampuni, babebe na ombi hilo. Kisichoandikwa mu kaye de sharje, kesho hatutakuwa na nguvu ya kukidai.